Mwanya wa Shangazi

Pazia lilikuwa la kitambaa kizito cha kijani, lenye pindo mbili na vitanzi kumi na viwili, na Redio alikuwa amelishona kwa uangalifu ambao hata gauni lake mwenyewe la harusi lilikuwa bado halijaupata. Alilikumbatia kifuani mbele ya mlango wa Fundi Meno, Alhamisi saa tisa alasiri, akijipangia maneno ya kusema. Ajabu ni kwamba hayakuja. Yeye, ambaye mtaa mzima ulimwita Redio kwa sababu tangu utotoni hajapata kukaa dakika tano bila kutangaza jambo, alikuwa amesimama pale na ulimi umemkauka.

Siku tano zilikuwa zimepita bila Fundi kumpigia. Alipokuwa akipigiwa alipokea, ndiyo, lakini kwa "sawa" na "nitakupigia baadaye," na hiyo baadaye haikufika. Kwa watu waliozoea kuongea kila jioni mpaka chaji iwaishie, hiyo ilikuwa adhabu kubwa. Redio alijua kabisa kwamba anaistahili. Hata mama yake mzazi alikataa kumtetea safari hii, akasema ulimi huo umetoka ukoo wa baba, yeye hayumo.

Fundi Meno alikuwa fundi wa meno ya bandia. Daktari wa zahanati alichukua vipimo vya midomo ya watu, akampelekea yeye katika chumba kidogo nyuma ya jengo. Humo alimimina plasta, akayeyusha nta, akachonga, akasugua na kung'arisha, mpaka mtu aliyekuwa ameacha kucheka akarudi kucheka. Ukutani palikuwa na rafu ndefu, na juu yake zilipangwa sanamu za plasta za midomo, kila moja imeandikwa namba. Jina halikuandikwa hata moja. Majina yalikuwa kwenye daftari, daftari lilikuwa kwenye droo, na ufunguo wa droo ulikuwa shingoni mwa Fundi. Tangu wachumbiane Redio alikuwa akiingia na kutoka chumbani humo apendavyo, na kwa miezi yote hiyo Fundi hakuwahi kufungua kinywa kusema huyu ni nani na yule ni nani.

Ijumaa iliyopita Redio alimpelekea chakula cha mchana. Fundi akatoka kwenda kunawa mikono bombani. Ndipo macho ya Redio yalipotua kwenye namba kumi na saba.

Juu ya plasta yalikuwa yamevikwa meno mapya ya mbele, meupe kiasi, si meupe ya kujionyesha, na katikati ya yale mawili makubwa palikuwa na mwanya. Nani anaagiza meno ya bandia yenye mwanya? Redio aliinama, akatazama vizuri. Mwanya ule aliujua. Kanisa zima liliujua. Ulikuwa mwanya wa Shangazi, mwalimu wa kwaya, yule mjane aliyemlea Fundi tangu akiwa na miaka sita. Marehemu mume wa Shangazi alikuwa akisema mbele za watu kwamba Jumapili ya kwanza aliletwa kanisani na mahubiri, lakini Jumapili ya pili aliletwa na mwanya. Vijana wa kwaya wenyewe walimtania Shangazi kwamba noti za juu huwa zinapitia hapo kabla hazijatoka.

Redio alikaa na siri hiyo usiku mmoja na asubuhi moja. Kwake yeye huo ulikuwa muda mrefu.

Jumamosi mazoezini, Fundi akiwa bado kazini, wakati wanamsubiri mwalimu, waimbaji wa sauti ya kwanza walikuwa wamechoka na wanataka kuchangamshwa. Wakamgeukia Redio kama kawaida. Redio naye, bila kinyongo chochote moyoni, kwa raha tu ya kusikia watu wakicheka, akasimama na kufungua tepu yake ya fundi cherehani iliyokuwa shingoni mwake.

"Jamani," alisema, "ule mwanya tunaousifia si wa kuzaliwa nao. Ni wa kuagiza. Umepimwa, umekatwa, umepigwa pindo. Akiuchoka ataomba mpana zaidi."

Walicheka. Yule mwimbaji waliyempa jina la Kengele alicheka mpaka akashika benchi. Kisha kicheko kikakatika upande mmoja, kikafuata upande wa pili, na Redio alipogeuka akamwona Shangazi mlangoni, mkononi ana karatasi za nyimbo. Shangazi aligawa karatasi, akaomba wafungue wimbo wa pili, akaongoza mazoezi yote kwa mkono, midomo imefungwa. Kesho yake, Jumapili, mchungaji aliposoma kwa mara ya pili tangazo la ndoa ya Fundi na Redio, nafasi ya mwalimu wa kwaya ilikuwa tupu.

Haya ndiyo yaliyomleta Redio mlangoni na pazia. Aligonga.

Fundi alifungua, akamwona, akatoka nje, kisha akavuta mlango nyuma yake mpaka ukalia. Ni jambo dogo, mlango kufungwa. Lakini Redio hakuwahi kusimamishwa nje ya chumba kile.

"Umekuja," alisema Fundi.

"Nimekuja. Nimekushonea pazia."

"La nini?"

"La rafu. Ili mtu akiingia asione." Alimeza mate. "Ili mimi nikiingia nisione."

Fundi alilipokea. Alipitisha kidole gumba juu ya mshono, taratibu, kama anavyopitisha juu ya ukingo wa fizi kutafuta palipokwaruza. Redio aliipenda mikono ile kabla hajampenda mwenyewe, na sasa aliitazama ikigusa kazi yake huku yeye mwenyewe haguswi.

"Umeshona vizuri."

"Usinisifie, Fundi. Nigombeze."

"Sijui kugombeza." Alisema hivyo akitazama pazia. "Unajua kwa nini sikupigii? Nikikupigia nitacheka. Hatujawahi kumaliza dakika mbili kabla sijacheka. Na nyumbani Shangazi anakula chakula akiwa amegeukia ukuta."

Redio alifunika uso kwa mikono miwili. Alikuwa amejiandaa kwa hasira. Kwa hilo la ukuta hakuwa amejiandaa.

Fundi akaendelea, polepole, kwa sauti yake ile ya chini iliyomfanya mtu asogee karibu ili asikie. Alisema kwamba Shangazi hajalaumu mtu, hajalia mbele yake, ila amemtumia mchungaji ujumbe kwamba kile kiti cha mama siku ya harusi atafutwe mwingine wa kukikalia. Mchungaji naye alikuwa amemwuliza Fundi kama tangazo la tatu, lile la mwisho, lisomwe Jumapili hii au lisubiri.

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia nitampa jibu Jumamosi."

"Na jibu lenyewe ni lipi?"

Fundi alimtazama kwa mara ya kwanza tangu afungue mlango. Macho yake yalikuwa mekundu ya kukosa usingizi, na mle ndani mapenzi yalikuwepo bado, wazi kabisa, na hilo ndilo lililomuumiza Redio zaidi.

"Sijui," alisema. "Nakupenda, hilo ulijue. Lakini yule ni mama yangu. Siwezi kwenda kuoa nikamwacha amegeukia ukuta."

"Amekuambia nini mwenyewe? Kwa mdomo wake?"

"Ameniuliza swali moja tu. 'Ulimwambia lini?'"

"Ulimwambia nani?"

"Wewe."

Ilimchukua Redio muda kuelewa. Siku tano zote hizo alidhani Shangazi anaumia kwa sababu ya kicheko. Kumbe Shangazi aliamini kwamba mtoto aliyemlea, fundi asiyemtaja mtu hata kwa herufi ya kwanza, ndiye aliyeichukua siri ya mdomo wake akaenda kumpa mchumba.

"Ukamjibu nini?"

"Nilinyamaza."

"Kwa nini, Fundi? Hukuniambia. Hujawahi kuniambia chochote."

"Ningesema sikukwambia, angeuliza basi alijuaje. Ningesema ulichungulia rafuni." Aliinua mabega. "Tayari anakuona msemaji. Nikuongezee na upekuzi? Nikaona hilo la pili nilibebe mimi."

Redio alilia pale pale barazani, wagonjwa wa zahanati wakipita. Fundi alitoa leso mfukoni akampa. Ilinuka nta na sabuni, na vidole vyao viligusana chini yake kidogo, kisha kila mmoja akarudisha mkono wake.

"Naenda kwa Shangazi," alisema Redio.

"Usiende kujitetea."

"Naenda kukutetea wewe."

Shangazi alikuwa akipiga pasi majoho ya kwaya. Yaani amesusa kuimba lakini majoho hakuyasusa. Alikuwa ameyarundika kwenye kiti na kuyanyoosha moja moja, ncha ya mtandio ikiwa imepita mbele ya mdomo na kuchomekwa sikioni. Redio alimwamkia. Shangazi aliitikia marahaba kutoka nyuma ya mtandio, akamwonyesha kiti, akaendelea na kola.

"Kama umekuja kunichekesha, leo sina mbavu za kucheka," alisema.

"Hapana, Shangazi. Nimekuja kukwambia kwamba Fundi hakuniambia."

Pasi ilisimama. Ilisimama mpaka kitambaa kikaanza kutoa harufu, na Redio akanyoosha mkono akaiinua, akaisimamisha wima.

"Rudia."

"Hakuniambia. Sikumwuliza, wala sikuambiwa. Nilipeleka chakula, akaenda kunawa mikono, mimi nikachungulia rafuni. Niliona namba kumi na saba nikajua. Yeye hata hakujua kwamba nimejua, mpaka habari zilipomfikia mtaani kama zilivyowafikia wengine. Amekaa kimya ili usinione mpekuzi. Mimi ni mpekuzi, Shangazi. Na ni msemaji. Yote mawili ni yangu."

Shangazi alikaa juu ya majoho. Mtandio ulimteleza, naye hakuurudisha. Alilia bila sauti, kilio cha mtu aliyepata nafuu, akisema kwamba siku tano hizo amemnyima mtoto wake salamu. Kila asubuhi Fundi anamwamkia, naye anaitikia kwa kichwa. Jana alimwachia chai bila kumwita mezani. Redio alipiga magoti karibu naye, hakujua amshike au asimshike, mwisho akamshika goti.

Kisha Shangazi akasimulia, kwa sababu ilikuwa imemkaa kifuani miaka miwili na hakuwa na wa kumsimulia. Fizi zilipomuuma na daktari kumng'oa meno ya mbele, Fundi alimtengenezea seti nzuri, iliyojipanga sawasawa, ambayo mwanamke yeyote angeifurahia. Aliivaa akajitazama kwenye kioo, akamwona mtu mwingine. Alijaribu kuimba, sauti ikatoka ya mtu mwingine. Fundi hakumwuliza kitu. Alichukua picha ya harusi ya Shangazi ukutani, akaenda nayo chumbani kwake, akarudi na seti ya pili, na mwanya ukawa mwembamba mno. Akarudi na ya tatu, na ile aliyoiona Redio rafuni ilikuwa nakala yake, ya kubadilishia.

"Nilipoivaa ile ya tatu," alisema Shangazi, "niliona alichokuwa akikiona marehemu. Sikuficha kwa ajili ya urembo, mwanangu. Nilificha kwa sababu ule ulikuwa wake yeye na mimi."

Redio alikosa pa kuuweka uso wake. Lile neno "umekatwa" alilolisema na tepu mkononi lilimrudia masikioni, na kicheko cha watu wakishika mabenchi.

"Nitawaambia nilikuwa natania," alisema haraka. "Nitasema nilitunga tu. Wataniamini, wananijua."

"Ulitunga?"

"Hapana."

"Basi utakuwa umenikosea mara ya pili, na safari hii kwa jina langu."

"Nitasimama kanisani Jumapili nikuombe radhi mbele ya wote."

"Siku ile mlikuwa wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Na Jumapili tunakaa wangapi?"

Hata msamaha wa Redio ulikuwa unataka kipaza sauti.

"Shangazi, mimi sikusema uongo," alisema baadaye, kwa unyonge, si kwa kubisha. "Ndiyo maana hata sikujua nafanya vibaya. Kila siku nilikuwa najiambia, mimi si msengenyaji, mimi sizushi. Nasema ya kweli tu, tena kwa kuchekesha."

"Ungezusha ningekana. Hili la kweli nitalikana vipi?" Shangazi alijifuta macho kwa joho la mtu wa sauti ya nne. "Nikwambie kitu. Mwaka jana nilipougua ulikuja ukaketi hapo hapo. Ulinichekesha mpaka jirani akaja kuchungulia. Unakumbuka ulikuwa unamsema nani?"

Redio alikumbuka. Alikuwa akijisema mwenyewe, jinsi alivyomkatia mteja suruali, mguu mmoja ukawa mfupi, akamshauri mteja atembee kwenye mteremko.

"Usiku ule nililala bila dawa. Ni mdomo huo huo. Sitaki uukate, na wala Mungu hakukupa kwa makosa. Ila jambo la mtu likikufika kwenye ulimi, mwone kwanza amesimama mlangoni na karatasi zake. Kama usingelisema akiwa pale, limeze."

"Litanikaba, Shangazi."

"Litakukaba mara mbili tatu. Halafu utazoea."

Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi, Shangazi alicheka. Kilikuwa kicheko kidogo, chenye machozi bado, na mwanya ukaonekana, nao ulikuwa mzuri vilevile. Lakini kuhusu kiti cha mama hakusema kitu, na Redio hakuthubutu kuuliza. Alipoaga, Shangazi alimwambia tu aje mazoezini kama kawaida na asichelewe.

Jumamosi hakuchelewa. Aliketi mahali pake, tepu ameiacha nyumbani, mikono ameibana katikati ya magoti. Fundi alikuwa upande wa wanaume wa sauti ya nne, ameegemea ukuta. Walisalimiana kwa macho tu. Jibu la mchungaji lilitakiwa jioni ile, na hakuna aliyejua lingekuwa lipi, hata Fundi mwenyewe.

"Redio," aliita Kengele, "leo vipi? Umeme umekatika?"

Wengine wakacheka kidogo. Redio akatabasamu, akasema leo hakuna matangazo.

"Basi tujibu moja tu. Lile la juzi ni kweli au ulitutania?"

Hata waliokuwa wakipekua karatasi waliacha. Redio alisimama, na watu wakasogea mbele kwenye mabenchi, maana kila aliposimama palikuwa na jambo.

"Nilimkosea Shangazi," alisema. "Nimekwenda kumwomba radhi. Na ninyi nawaomba radhi, kwa sababu niliwapa neno ambalo halikuwa langu la kugawa. Na kama kuna aliyefikiri Fundi ndiye aliyenipa, hakunipa. Nina hayo tu."

"Sawa, lakini ni kweli?"

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kengele alikuwa amevaa viatu vipya vilivyomzidi, na kila alipotembea vilikuwa vikipiga makofi. Redio alikuwa ameviona tangu mlangoni. Mzaha ulikwishakaa tayari kwenye ulimi, mfupi, mtamu, wa kuwaangusha watu na kumfunga Kengele mdomo kwa wiki mbili. Aliuhisi. Akamwona Kengele mwenyewe, jinsi alivyovifuta vile viatu kwa kiganja kabla hajaketi. Akaumeza. Akakaa chini, akafungua karatasi yake ya nyimbo na kuitazama, ijapokuwa ilikuwa imeshikwa kichwa chini.

Ukimya ulikuwa mrefu, wa kuudhi. Redio hakuujaza. Alipoinua macho alimkuta Fundi anamtazama kutoka ukutani, na kwa jinsi alivyotazamwa, masikio yakamwaka moto.

Mlango ukafunguliwa. Shangazi aliingia na majoho mkononi, yamenyooshwa yote, mtandio ukiwa mabegani na si mdomoni. Aliyaweka mezani.

"Mwenye swali juu ya mdomo wangu aniulize mimi," alisema. "Niko hapa, na sina haraka."

Hakuna aliyekuwa na swali. Kengele alikuwa amegundua kitu cha muhimu sana kwenye kucha zake.

"Basi wimbo wa pili. Nitawaanzishia."

Akaanza. Aliimba ubeti mzima peke yake, mdomo wazi, kichwa juu, na noti ya juu ilipita pale pale ilipozoea kupita. Redio alipotakiwa kuingia na wenzake alibaki akisikiliza. Alisikia sauti ya nne ikiingia kwa nguvu kuliko ilivyoandikwa, na akajua ni nani.

Mazoezi yalipokwisha Shangazi alimwita mbele, wengine wakijifanya wanatafuta mikoba yao.

"Tepu yako iko wapi?"

"Nimeiacha nyumbani, Shangazi."

"Fundi cherehani anatembea bila tepu? Kesho baada ya ibada uje nayo unipime. Siwezi kwenda kukaa kiti cha mama na gauni la miaka minne."

Redio alimkumbatia mbele ya kwaya yote. Alipogeuka kumtafuta Fundi hakumwona. Alikuwa ameshatoka, anavuka uwanja wa kanisa kwa hatua ndefu kuelekea ofisi ya mchungaji, na kabla hajafika alikuwa anakimbia.

Siku iliyofuata tangazo la tatu lilisomwa. Mchungaji aliuliza kama yupo mwenye pingamizi, akatazama kulia, akatazama kushoto. Shangazi alisimama. Redio aliona giza. Kumbe Shangazi alikuwa anasimama kwa ajili ya wimbo unaofuata, na alipoona uso wa Redio ulivyobadilika, akageuka upande wa kwaya akicheka, bila kuziba mdomo.

Jumatatu mchana Redio alipeleka chakula nyuma ya zahanati. Aligonga, ingawa mlango ulikuwa wazi.

"Siku hizi unagonga?" aliuliza Fundi kutoka ndani. "Ingia."

Aliingia. Pazia la kijani lilikuwa limetundikwa, limenyooka, vitanzi vyote kumi na viwili viko mahali pake, lakini lilikuwa dirishani. Rafu ilikuwa wazi kama zamani, sanamu zote zimepangwa, namba zinamtazama.

"Nilikushonea la rafu," alisema Redio.

"Rafu haina shida. Jua la mchana ndilo lilikuwa linanisumbua kwenye nta." Fundi aliweka kisu chini, akafuta vumbi la plasta kwenye aproni. "Ngoja ninawe mikono."

Akatoka. Hakuvuta mlango, hakuharakisha. Redio alimsikia akienda bombani, akafungua maji.

Alijiambia atazame dirisha. Alitazama dirisha. Lakini chumba kilikuwa kidogo, na macho ni macho, na mwisho wa rafu palikuwa na sanamu mpya ambayo plasta yake ilikuwa haijakauka vizuri. Namba ishirini na tatu. Jino moja la pembeni lilikuwa limepanda juu ya mwenzake kwa namna ambayo Redio aliijua vizuri sana, kwa sababu alikuwa amelitazama jino lile likicheka siku tisa zilizopita, mbele yake kabisa, mmoja kati ya watu kumi na mmoja.

Ungependa kujua lilikuwa la nani. Hata waimbaji wenzake Redio wangependa, na baadhi yao wangemnunulia soda. Mzaha ulikuja wenyewe, umekamilika, mtamu kuliko yote aliyowahi kuitunga. Ukamfika kwenye ulimi na kusimama hapo. Redio akamwona mwenye jino lile amesimama mlangoni, anafuta kitu chake kwa kiganja, anaogopa. Akafumba mdomo, akapanga sahani mezani, akamimina maji kwenye glasi mbili.

Fundi alirudi akiwa bado hajajifuta. Alisimama mlangoni, akatazama rafu, akamtazama yeye, na ingawa alikuwa mwanamume mpole aliyezoea kutouliza, aliuliza.

"Umeona nini?"

"Nimeona pazia limekaa vizuri," alisema Redio.

Fundi akavuka chumba, na mikono yake ilikuwa bado inachuruzika maji alipomshika.